Tairi Lisomwe Kabla Halijafungwa

Kumezuka mtindo katika mwambao wetu, hasa baina ya Kilifi na Malindi, wa kuzivua pikapu kuukuu matairi yaliyotoka nayo kiwandani na kuzivisha mengine yaliyo makubwa zaidi. Ni zile pikapu zinazosukumwa kwa magurudumu yote manne, ambazo mafundi wetu huziita forowili: Toyota Hilux za miaka ya 1980, Land Rover za Series III ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1985, na Land Cruiser zilizokwisha kula chumvi nyingi. Mengine ya magari hayo yameinuliwa mpaka yanafanana na mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Wenye magari hayo wana sababu zao, na si haki kuzipuuza. Anayetoka Kilifi kwenda Ganze na Bamba, au Malindi kwenda Marafa na vijiji vilivyo nyuma yake, hufika mahali lami inapomwacha mkono. Kiangazi humkuta kwenye mchanga. Masika na vuli humkuta kwenye tope na makorongo. Karibu na bahari, kuanzia Watamu hadi Mambrui, kuna vijia vya mawe ya matumbawe yaliyo makali kama wembe. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba tairi kubwa litamvusha, atalitaka. Nani asingelitaka?

Basi sipingi tairi kubwa. Ninachokipinga ni tairi kununuliwa kwa macho na kufungwa bila kusomwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda cha kosa hili hakimpati mwenye gari peke yake. Kinampata mwalimu aliyepanda nyuma kuwahi kituo cha mitihani, mama anayepelekwa zahanati, na mwanafunzi aliyeomba lifti baada ya kutembea tangu alfajiri. Hao hawakuulizwa tairi gani lifungwe.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu na matairi wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba tatizo la kwanza la tairi kubwa ni tatizo la neno. Mteja humwendea fundi akamwambia, "Fundi wangu, nifungie kubwa." Fundi naye hujibu, "Hewala, bwana." Wote wawili wameridhika, wala hakuna aliyesema lolote. Neno kubwa hapa limebeba maana zisizopungua nne. Laweza kumaanisha tairi lenye kimo kirefu zaidi. Laweza kumaanisha tairi pana zaidi. Laweza kumaanisha ringi yenye kipenyo kikubwa zaidi. Na laweza kumaanisha tairi linalostahimili mzigo mzito zaidi. Kila moja ya sifa hizo hulibadilisha gari kwa njia yake, na nyingine hupingana.

Chukua mfano. Land Rover ndefu ya inchi 109 ilizoeleka kwa tairi liitwalo 7.50-16. Tairi hilo lina kimo cha sentimita 80 hivi, lakini upana wake kwa jina ni inchi 7.5 tu, yaani sentimita 19. Tairi la kisasa linaloandikwa 265/75R16 nalo lina kimo cha sentimita 80, ilhali upana wake ni sentimita 26 na nusu. Lipi kati ya hayo mawili ni kubwa? Neno letu la mazoea haliwezi kujibu. Tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi zinaweza.

Tarakimu hizo ni maandishi kama maandishi mengine, na mwenye kujua kusoma hana udhuru wa kutozisoma. Tuseme pikapu ilitoka na tairi la 205/80R16. Tarakimu ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 80, ni asilimia: inatuambia kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Herufi R ni ya muundo wa nyuzi za ndani. Ya mwisho, 16, ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Baadaye hufuata tarakimu nyingine ambayo wengi huiruka, nayo ni ya uwezo wa kubeba. Ikiwa ni 100, tairi hilo limekadiriwa kubeba kilo 800. Ikiwa ni 112, kilo 1,120. Kuna pia tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua tairi la mtumba bila kuzitazama tarakimu hizo nne ananunua mbuzi ndani ya gunia.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la nane wa zamani, au wa sekondari ya chini ya leo, hashindwi kuifanya. Ubavu wa 205/80R16 ni asilimia 80 ya 205, yaani milimita 164. Kwa kuwa kuna ubavu juu na ubavu chini, tunapata 328. Ringi ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla, kipenyo cha tairi zima ni milimita 734.4. Tukifanya vivyo hivyo kwa 265/75R16 tunapata milimita 803.9. Tofauti ni 69.5, na uwiano wake ni kwamba tairi jipya limelizidi la zamani kwa asilimia 9 na nusu.

Kutokana na hesabu hii fupi yanazuka mambo ambayo mwuzaji hatayataja, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

La kwanza ni kimo cha gari. Mnunuzi huona tofauti ya karibu sentimita 7 akadhani gari lake litapanda kwa kiasi hicho. La, hasha. Ekseli hukaa katikati ya gurudumu. Kwa hiyo hupanda kwa nusu ya tofauti, yaani sentimita 3 na nusu, upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Vidole hivyo viwili vina faida yake penye jiwe. Lakini mtu ana haki ya kujua kwamba amenunua viwili, si vinne.

La pili ni mwendo. Kipima-mwendo cha gari kuukuu hakijui kwamba tairi limebadilishwa. Kinahesabu mizunguko tu. Gurudumu la zamani lilizunguka mara 433 hivi katika kilomita moja. Jipya huzunguka mara 396. Ikiwa kipima-mwendo kilikuwa sahihi hapo awali, sasa kinapunja. Dereva anayeona 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini, kwa kweli anakwenda karibu 55. Anayeona 80 kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi anakaribia 88. Dereva huyo hasemi uongo anapoapa kwamba hakuvuka kiwango. Kinachosema uongo ni chombo chake.

La tatu ni nguvu. Nusu ya kipenyo cha gurudumu ni mfano wa mpini wa spana, ila mpini huu unaisaidia barabara dhidi ya injini. Kadiri unavyorefuka ndivyo injini inavyolemewa. Kwa mfano wetu, msukumo unaofika ardhini hupungua kwa zaidi ya asilimia 8 katika kila gia. Kwa injini changa hilo si neno. Kwa injini ya dizeli ya lita 2.4 isiyo na taboo, iliyokwisha kuchoka, ikiwa imebeba mitungi ya maji kuelekea bara, ni neno kubwa. Dereva ataishi kwenye gia ya pili, klachi itaungua mapema, na mafuta yatakwenda.

La nne ndilo linalonitia hofu zaidi, nalo ni breki. Mantiki iliyoidhoofisha injini huidhoofisha breki vilevile. Pedi zinabana kama zilivyobana jana, lakini gurudumu lina mpini mrefu zaidi wa kuzipinga, na aghalabu ni zito zaidi, hivyo ni gumu zaidi kulisimamisha linapozunguka. Breki zikiwa nzima na zenye akiba ya nguvu, mtu huenda asihisi tofauti. Breki zikiwa za miaka 40, na sanduku likiwa limejaa watu, akiba hiyo haipo. Tuunganishe hili na la pili: dereva anakwenda kasi kuliko anavyodhani, kwa gari linalosimama polepole kuliko alivyozoea.

La tano ni chuma chenyewe. Sisi wa mwambao tunaishi na upepo wa chumvi, nao haumstahi mtu. Chesi ya pikapu iliyozeekea Malindi si sawa na chesi ya pikapu iliyozeekea Nakuru. Tairi pana likifungwa kwenye ringi inayojitokeza nje, uzito huhama kutoka pale beringi zilipokusudiwa kuubeba, na mishtuko yote hupitia viungo vya usukani na vyuma vilivyokwisha liwa na kutu. Ikiwa gari pia limeinuliwa kwa springi, kitovu cha uzito hupanda na gari huwa jepesi kupinduka, huku mipira ya breki ikivutwa kupita urefu wake. Kabla ya kununua tairi, agonge chesi kwa nyundo. Nyundo haimpendelei mtu.

La sita ni la umaskini wetu, nalo nalitaja kwa huruma. Matairi manne na la akiba ni fedha nyingi. Wapo wanaonunua mawili makubwa wakayafunga nyuma na kuacha ya zamani mbele. Katika gari la kawaida hilo ni kosa. Katika forowili ya zamani ni kuiua giaboksi. Pikapu nyingi za aina hii, zinapotiwa gia ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungamanishwa zizunguke kwa idadi moja. Magurudumu yasipolingana, moja litataka kwenda mbele na lingine litavuta nyuma, na ugomvi huo utaamuliwa na chuma kilicho dhaifu. Kwenye mchanga gurudumu linaweza kuteleza likapata nafuu. Kwenye lami halina pa kukimbilia. Matairi yawe matano ya kimo kimoja, au yasibadilishwe.

Je, hii ina maana kwamba msafiri wa Bamba au Ngomeni hana la kufanya? Analo. Penye mchanga, kinachosaidia zaidi ni upepo, si ukubwa. Tairi lenye upepo 35, kama mafundi wasemavyo, huchimba. Likipunguzwa hadi kiasi cha 18 hulala, unyayo wake ukarefuka, na gari likaelea juu ya mchanga. Hayo yanawezekana kwa tairi lilelile la kiwandani na kwa gharama ya kipimo cha upepo na pampu. Sharti ni moja: upepo urudishwe kabla ya kupanda lami, maana tairi lililolegea hupata joto ubavuni mwake na joto hilo hulipasua. Penye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba mara nyingi hulishinda pana, kwa sababu hulikata tope na kuifikia ardhi. Waliozichagulia Land Rover za kwanza, zilizoonyeshwa hadharani mwaka 1948, matairi membamba hawakuwa wajinga.

Na anayeamua, baada ya kupima, kwamba anahitaji tairi lenye kimo zaidi, basi na atimize masharti. Achague ongezeko dogo. Aangalie kwamba uwezo wa kubeba haupungui ule wa tairi la awali. Alipakie gari mzigo, aukate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, aone kama tairi linagusa bodi au springi. Abadilishe gia ndogo inayoendesha kipima-mwendo, au walau abandike karatasi mbele ya macho ya dereva yenye tarakimu za kweli. Breki zifunguliwe na kutengenezwa siku hiyohiyo, si mwezi ujao. Ikiwa ongezeko ni kubwa, uwiano wa difu ubadilishwe: penye 4.1, kwa mfano wetu, panahitajika karibu 4.5 ili gari lirudi kama lilivyokuwa. Haya yote yana gharama, na gharama hiyo ndiyo bei halisi ya tairi.

Nimefika sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu. Hesabu niliyoifanya hapo juu imo katika vitabu vya shule zetu. Kipenyo, mzingo, uwiano na asilimia si siri za chuo kikuu. Lakini mtoto wetu huzisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa kuanzia darasa la nne masomo yote isipokuwa lugha hufundishwa kwa lugha hiyo. Halafu hutoka shuleni akamkuta fundi chini ya mwembe, mwenye ujuzi wa miaka 30 mikononi, anayesema Kiswahili na Kigiriama. Mmoja anajua hesabu asiyoweza kuieleza. Mwingine anajua gari asiloweza kulihesabu. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, wanaachana. Hapo ndipo neno kubwa linapopata nafasi ya kutawala.

Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakina maneno. Tanzania imefundisha hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mafundi wetu wenyewe hawakungoja baraza lolote. Walilichukua neno usukani, ambalo manahodha wa pwani hii walilitumia kwa jahazi karne nyingi kabla ya motokaa, wakalitia ndani ya gari. Shehena nayo ilihama kutoka chomboni ikapanda lori. Breki, klachi, springi na ringi wamezitohoa zikatohoka. Lugha iliyofanya hayo haiwezi kushindwa kutofautisha kimo na upana. Inayoshindwa ni desturi yetu ya kuiacha nje ya mlango wa darasa la hisabati.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo usiishie kwenye hotuba. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya kaunti, Kilifi ikiwemo, vina wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kurasa chache za Kiswahili zinazoeleza namna ya kusoma tairi, kukadiria mwendo wa kweli na kuchagua upepo, zikining'inizwa katika karakana ya chuo na kupelekwa kwa mafundi wa kando ya barabara, zingefaa kuliko makongamano mengi tunayoyahudhuria sisi wasomi.

Na walimu wa shule za kawaida wasingoje mtaala. Mwalimu achukue chaki, kamba na pikapu yoyote iliyoegeshwa uwanjani. Atie alama ya chaki chini ya tairi na nyingine sakafuni, gari lisukumwe mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha wanafunzi wapime umbali. Watapata mzingo. Waugawe kwa 3.14, wapate kipenyo. Walinganishe na hesabu ya tarakimu za ubavuni, nao watagundua kwamba kipimo cha kamba ni pungufu kidogo, kwa sababu tairi lililobeba gari hubonyea. Hapo wamejifunza hesabu, fizikia na Kiswahili kwa kipindi kimoja, na siku wakipanda pikapu hiyo watajua la kumwuliza dereva.

Tukumbuke pia kwamba tairi kubwa ni malalamiko yaliyotengenezwa kwa mpira. Mtu hatumii akiba yake kulikweza gari kama barabara ya kwao inapitika. Viongozi wanaoziona pikapu hizo zikipita mjini wasizione kuwa ni urembo wa vijana peke yake. Wazisome kama maombi ya daraja, mfereji na changarawe ambavyo havijafika.

Lakini maombi hayo yakicheleweshwa, watu wataendelea kusafiri, na watu wengine wataendelea kupanda nyuma. Kwa hiyo mteja akienda kwa fundi asiseme tena, "Nifungie kubwa." Aseme kimo, aseme upana, aseme mzigo. Na fundi asiyeulizwa hayo, naye ayaulize.